Fundi wa Karatu anayeshona viatu vibaya kwa makusudi

Mnada wa Karatu umechangamka hata kabla ukungu wa Julai haujainuka. Chini ya kibanda cha mabati kilicho jirani na zizi la mbuzi, Wilibrodi Hhando ameinamia kiatu. Sindano yake ni nene, uzi wake ni wa katani uliopakwa nta, na kiatu chenyewe, tuseme ukweli, kinatisha.

Soli imekatwa kwenye tairi la Land Rover, na meno ya tairi bado yanaonekana. Juu ni turubai la hema kuukuu la watalii, lililokuwa la kijani zamani na sasa halina rangi mtu anayoweza kuitaja. Mbele kiatu ni kipana kiasi cha kuingiza miguu yote miwili ya mwandishi wa makala hii, na nafasi ikabaki.

Mama mmoja anayepita na kapu la vitunguu vya Baray anasimama, anakitazama, anaguna.

"Fundi, hicho ni kiatu au ni adhabu?"

"Ni kiatu, mama."

"Mbona kibaya hivyo?"

Wilibrodi anainua uso, meno yote nje. "Kibaya sana?"

"Kibaya mno!"

"Ahsante, mama. Mungu akubariki," anajibu, na kurudi kwenye sindano yake kama mtu aliyepewa zawadi.

Si rahisi kumpata fundi anayeshukuru kazi yake ikisemwa vibaya. Lakini Wilibrodi, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ameitolea jasho sifa hiyo. Aliipata baada ya kushindwa mbele za watu, na kushindwa kwenyewe kulitokana na kiatu kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona.

Ufundi aliuanza akiwa kijana, katika karakana ya shamba moja la kahawa upande wa Oldeani, akiunga mikanda ya mashine na kuziba viatu vya wasimamizi. Alipoacha kazi ya shamba alijenga kibanda chake mjini Karatu, na haikuchukua muda jina lake likavuma.

"Mwalimu akioa, viatu ni vyangu. Katekista akienda kumlaki askofu, viatu ni vyangu," anasema bila kujificha nyuma ya unyenyekevu. "Hata miaka hii ambayo madukani hakuna viatu, watu hawakulia. Walikuja kwangu."

Kiatu chake cha Jumapili kiliuzwa hadi shilingi mia nne, karibu nusu ya mshahara wa kibarua kwa mwezi. Kabla ya kumkabidhi mteja, alikifuta kwa mkono wa shati lake, akakitoa kwa mikono miwili na kusema maneno yale yale kwa kila mtu: "Kitunze. Usikikanyagishe tope." Maneno hayo ndiyo yaliyokuja kumponza.

Mwaka jana, 1984, daktari wa ngozi alianza kuja kutoka Moshi kila baada ya miezi mitatu kuona wagonjwa katika zahanati moja ya hapa mjini. Siku hizo foleni hujaa magonjwa ambayo daktari mwenyewe anakiri aliyasoma vitabuni muda mrefu kabla hajayaona kwa macho. Yuko mzee mwenye nyayo nene tangu kuzaliwa, zinazopasuka hadi damu kila kiangazi. Yuko binti ambaye ngozi yake hutoka malengelenge kila kitu kinapoisugua, hata mshono wa nguo. Ilipofika zamu ya watu wenye miguu mikubwa, daktari aliuliza kama kuna fundi viatu mjini, na foleni nzima ikamtaja mtu mmoja.

Ugonjwa huo wa miguu wengi huuita matende, na wengi husema mwenye nao alikanyaga kitu kilichotegwa njiani. Daktari anaeleza vingine. Matende ya pwani, anasema, huletwa na mbu. Haya ya huku juu kwenye baridi huletwa na udongo.

"Ni udongo huu huu mwekundu unaowapa ngano na maharage," anasema. "Umetokana na volkano, una chembe ndogo mno. Mtu akitembea peku miaka na miaka, chembe hupenya kwenye nyayo na kuziba njia za maji ya mwili. Si kwa kila mtu. Katika nyumba moja humpata huyu na kumwacha yule. Na dawa yake haimo kwenye chupa. Ni maji, sabuni na kiatu. Zaidi ya vyote, kiatu."

Mgonjwa wa kwanza kuletwa kwa Wilibrodi alikuwa Scholastika, mjane wa Endamarariek mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ambaye majirani humwita mama Ignas kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mguu wake wa kushoto ulianza kwa kuwasha katikati ya vidole. Ukavimba, ukashuka, ukavimba tena, na safari hiyo haukushuka. Ngozi ikawa ngumu, ikatoka vinundu, na kila mara ilikuja homa ya kumlaza chini.

"Nikiketi mahali, khanga naitanguliza mbele ifunike mguu," anasimulia. "Mwisho nikaona afadhali nisiketi mahali popote. Kanisani niliacha. Mnadani niliacha. Kitu kimoja tu kilinikatalia kuachwa, nacho ni shamba."

Shamba hilo ni ekari tatu alizoachiwa na marehemu mume wake. Kwa misimu miwili lilikuwa limelala, kwa kuwa mguu haukuruhusu jembe. Ukoo ukakaa kikao na kuamua kwamba likilala tena masika ya mwaka huu, shemeji yake, Sebastiani, atalilima yeye na kumpa mjane mahindi ya kula.

"Shemeji si mtu mbaya," anasema Scholastika. "Angenipa mahindi kweli. Lakini shamba likishazoea jembe la mtu mwingine, we! Kulirudisha ni kesi. Nilikuwa nimebakiza masika moja tu."

Daktari alimhakikishia kwamba mguu ukifungiwa ndani ya kiatu, homa zitapungua na atalima tena. Akiurudisha peku kwenye udongo, mguu utazidi. Kwa hiyo mambo yote yakamwangukia Wilibrodi, naye hakufanya mzaha.

Alichora miguu ya Scholastika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji na kuuzungushia kila mmoja uzi. "Pea moja, miguu miwili isiyojuana," anasema. Alichagua ngozi ya ndama, laini, aliyouziwa na Metui, mfugaji kutoka upande wa Ngorongoro ambaye humletea ngozi na kuondoka na katambuga, vile viatu vya wazi vya tairi. Akakishona kiatu kwa kamba za pembeni, akakitia bitana nyekundu, akatoboa vijiua vidogo mbele, akakipiga rangi nyeusi mpaka mtu akaweza kujitazama ndani yake.

"Nilitaka ajue kwamba mguu ule nao ni mguu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki.

Scholastika alipokiona alilia. Kilikuwa kiatu cha kwanza maishani mwake, na tena cha namna ile! Wilibrodi alikifuta kwa mkono wa shati, akakitoa kwa mikono miwili.

"Kitunze, mama Ignas. Usikikanyagishe tope."

"Nitakitunza, fundi. Kuliko macho yangu."

Na kweli alikitunza. Daktari aliporudi baada ya miezi mitatu, Scholastika alifika zahanati na kifurushi cha khanga, akakifungua tabaka baada ya tabaka, viatu vikatoka viking'aa. Daktari alikigeuza kimoja na kutazama soli. Haikuwa na mkwaruzo.

Wilibrodi, aliyekuwa ameitwa kushuhudia, alishindwa kuvumilia. Aligeukia foleni. "Mmeona mtu anavyotunza kitu? Mmeona?"

Foleni ikaitikia kwamba imeona. Daktari akachukua utepe wake, akaupima mguu, akapima tena. Ulikuwa umeongezeka.

"Kiatu hiki umekivaa wapi, mama?" aliuliza.

"Kanisani, daktari. Nimerudi kanisani!"

"Na njiani kwenda kanisani?"

"Njiani nimekibeba."

"Na shambani?"

"Shambani?" Scholastika alimtazama daktari, kisha akamtazama fundi kutafuta msaada. "Na kiatu hiki?"

Foleni nzima iliangua kicheko, na aliyecheka kwa nguvu kuliko wote alikuwa Wilibrodi. Nani amewahi kulima na kiatu cha bitana nyekundu? Daktari peke yake hakucheka. Alieleza upya, polepole, habari za udongo, akamwomba Scholastika akivae kila siku, kila mahali. Scholastika akaitikia kwa heshima zote. Kwa kuwa mguu ulikuwa umekua na kiatu sasa kilibana, alikiacha kwa fundi akipanue, akarudi Endamarariek peku.

"Nilikuwa na hasira na daktari," anakumbuka Wilibrodi. "Nilisema moyoni, huyu dawa zake zimeshindwa, sasa anasingizia kiatu changu."

Jumapili iliyofuata alipanda baiskeli kwenda Endamarariek kumwona mgonjwa wake. Mtu asiyezijua desturi zetu angeshangaa kwa alichokiona, ila yeye alikuwa amekiona maisha yake yote. Watu walikuwa wakienda kanisani kwa makundi, wamependeza, na viatu vyao vilikuwa mikononi, kichwani, kwapani. Kwenye kijito kilicho karibu na kanisa waliketi, wakanawa miguu, wakaikausha, ndipo wakavaa. Kiatu kizuri huku kwetu hakifiki kanisani na vumbi.

"Nikawa nawatazama, najisemea, kumbe ndivyo mama Ignas anavyofanya," anasimulia. "Nikasikitika sana. Halafu nikaangalia usukani wa baiskeli yangu. Viatu vyangu vilikuwa vinaning'inia pale, nimevifunga kwa kamba zake. Na mimi mwenyewe nakanyaga pedali peku!"

Hapo fundi anapiga paja na kucheka hadi machozi yanamtoka. Siku ile, anasema, hakucheka. Alikuta Scholastika amelala na homa, na mvua za masika hazikuwa mbali. Shemeji Sebastiani alikuwa ameshapita mara moja kulitazama shamba, kwa adabu tu, kama mtu anayepita njia.

Aliyelifungua fundo hilo hakujua kama amelifungua. Siku ya mnada Metui alikuja kununua katambuga mpya, akakiona kiatu cha Scholastika juu ya rafu kikisubiri kupanuliwa. Akakichukua, akakigeuza huku na huku.

"Fundi, hiki cha nani?"

"Cha mama mmoja mgonjwa wa mguu."

"Mzuri sana hii," alisema Metui na kukirudisha taratibu. "Lakini mimi ukinipa hii, mimi naogopa yeye. Naweka ndani ya shuka, natembea miguu tupu."

Akanyoosha mguu wake na katambuga iliyolika kisigino. "Hii yangu, mavi ya ng'ombe, sawa. Miiba, sawa. Tope ya Ngorongoro, sawa. Hainidai kitu."

Wilibrodi anakiri alichukia. Mtu anakuja kibandani kwako kukwambia kazi yako inaogopesha! "Lakini alipoondoka nilibaki nakiangalia kile kiatu," anasema. "Ikawa kweli. Na mimi nikakiogopa. Nikajua nimemshonea mama wa watu kiatu cha kumlaza kitandani."

Katambuga ya kawaida isingefaa, kwa sababu iko wazi na udongo unaingia. Ilitakiwa kitu kilichofungwa kama kile cha kwanza na kisichodai kitu kama kile cha Metui. Kwa madereva wa kambi za watalii akapata hema lililochanika na matairi yaliyokwisha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, Wilibrodi aliketi kushona kiatu ambacho hakuna mtu angekionea huruma.

Haikuwa kazi rahisi. Mkono ulikataa. Mshono ukitaka kunyooka aliupinda, akiona pembe imekaa vizuri aliitafutia kasoro. Mke wake, Domitila, alisimama mlangoni akamtazama kwa muda.

"Baba, macho yameanza kukuacha?"

"Macho yangu mazima."

"Basi ni akili."

Alipomaliza alikwenda nyuma ya nyumba, akachota tope na kukipaka kiatu kizima kwa nje. "Nilikuwa nataka kikifika kwake kiwe kimeshachafuka," anaeleza. "Asiwe na kitu cha kulinda." Domitila anasema siku hiyo nusura amwite katekista aje amwombee mume wake.

Scholastika naye hakufurahi. Alikishika kwa vidole viwili na uso ukamshuka.

"Fundi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama Ignas. Mimi ndiye niliyekukosea. Hiki usikitunze. Unasikia? Usikitunze hata kidogo. Ukiamka, kabla unyayo haujagusa chini, uwe umeshauosha na kuuingiza humu. Nenda nacho shambani, kisimani, chooni. Kikichafuka ndiyo kazi yake. Kikipasuka niletee."

"Na kile kizuri?"

Wilibrodi alikuwa ameshalifikiria hilo. Kizuri amekipanua, akasema, na kitabaki cha kanisani. Atakwenda na hiki kibaya mpaka kijitoni, kizuri kikiwa mkononi kama desturi inavyotaka, kisha abadilishe pale. Uso wa Scholastika ukafunguka. Kiatu kizuri kilikuwa kimepewa heshima yake, na kibaya kimepewa barabara.

Mvua za masika zilianza kwa nguvu. Shemeji Sebastiani alifika shambani asubuhi na mapema, jembe begani, tayari kutekeleza maamuzi ya ukoo. Akakuta mistari ya mahindi na maharage imefika katikati ya shamba, na mwishoni mwa mistari yuko shemeji yake, ameinama, miguu yake miwili mikubwa imejaa tope.

"Shemeji! Umevaa nini?"

"Jembe la mguuni," alijibu Scholastika bila kuinuka. "Kama umekuja kulima, karibu. Anzia kule chini kwenye mfereji, pamenishinda."

Sebastiani ni mtu mwenye soni. Alisimama, akaangalia mistari, akaangalia viatu, akacheka mpaka akaegemea jembe. Kisha akaenda kule chini kwenye mfereji akalima hadi jua likawa kali, akanywa uji wa shemeji yake, akarudi nyumbani. Ukoo haujakaa kikao kingine juu ya ekari zile tatu, na wiki hii maharage yake yanaanikwa uani kwa Scholastika.

Habari zimeenea. Leo Wilibrodi anawashonea wagonjwa kumi na tisa, kutoka Endamarariek na Baray, pamoja na vibarua wa mashamba ya kahawa waliotoka Singida na Mbulu. Binti wa malengelenge ameshonewa vya peke yake, vya ngozi ya kondoo iliyogeuzwa manyoya ndani. Kiatu cha turubai kinampa fundi shilingi sitini, zinazolipwa na zahanati, na mara nyingi hulipwa kwa kuchelewa. Walimu na makatekista bado wanakuja kwa vile vya mia nne, na hivyo ndivyo vinavyolisha nyumba.

"Sijaacha kupenda kiatu kizuri," anasema. "Nikishona hivi vitatu, mkono unalia. Naupa kimoja kizuri unyamaze."

Hamu yake kubwa sasa ni watoto. Daktari amemwambia mguu ambao haujavimba ni rahisi kuulinda kuliko ulioanza, na Wilibrodi anazungumza na kamati ya shule ya Endamarariek ili watoto wa koo zenye ugonjwa huo wavishwe kwanza. Matairi yapo. Turubai ndiyo kazi, kwa kuwa hema moja halitoshi darasa moja. "Nitawaomba wenye kambi. Hema likichanika tu, wasilitupe," anasema.

Kabla hajamaliza sentensi, Scholastika anaingia kibandani. Amekuja kwa mguu kutoka Endamarariek, na hana hata salamu ya haraka.

"Fundi, leo nimekuja na malalamiko."

"Haya, mama Ignas. Keti kwanza."

"Siketi. Kiatu chako hiki kinapwaya. Nikiinua mguu kinabaki chini. Jana nimekiacha kwenye mtaro nikaendelea kutembea."

Wilibrodi anaweka sindano chini. Anapiga goti, anafungua kamba, anautoa mguu wa kushoto na kuuweka juu ya karatasi ya saruji kwa uangalifu. Daktari alishasema mguu huu hautalingana kamwe na wa kulia, na kwamba ukirudi peku utavimba upya. Lakini tangu mvua za kupandia, homa haijarudi. Penseli inauzunguka mguu taratibu, kutoka kisigino hadi kidole kikubwa hadi kisigino.

Kisha fundi anatoa karatasi ya zamani na kuiweka chini ya hii mpya, kwenye mwanga. Mchoro wa leo umeingia wote ndani ya mchoro wa mwaka jana, na pembeni kote imebaki nafasi ya upana wa vidole viwili.

Scholastika anainama kutazama, anashika mdomo. Wilibrodi anajifuta uso kwa mkono wa shati, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Nitakukatia kidogo kuliko hiki," anasema hatimaye.

"Kata," anasema Scholastika, na sasa ameketi, mguu wake wa kushoto uko mbele za watu wote wa mnada bila khanga. "Na mwakani, Mungu akijalia, nitakuja tena kulalamika."

"Njoo, mama," anajibu fundi. "Njoo ulalamike."